Chumba chekundu cha Pompeii: ile michoro ni "unyago" kweli?

Mwl_Kirumba

Mwangaluka wadau. Klabu ya historia ya kidato cha tano na sita imenipa dakika 80 nizungumzie michoro ya ukutani ya Pompeii, mji wa Kirumi nchini Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius, ile ya ukuta mwekundu kwenye nyumba iitwayo Villa dei Misteri. Maelezo mengi yanasema ni mwanamke anaingizwa kwenye ibada ya siri ya Dionysus, mungu wa mvinyo. Nimepanga picha mezani moja moja na bado zinanipiga chenga.

Mtu aanzie wapi kusoma na aelekee wapi? Yule mwenye mabawa na mjeledi anamchapa nani hasa? Wanafunzi wakisema "Mwalimu, huu si unyago tu?" nijibu nini bila kuwadanganya? Na kama kuna namna ya kuwaonyesha jinsi ukuta ule ulivyopakwa, kwa vitu vinavyopatikana hapa Mwanza, nayo naihitaji.

MzeeWaBwiru

Mwangaluka mwalimu. Tatizo limeanzia hapo mezani. Michoro hii inazunguka chumba kizima, na watu wa ukuta huu wanawatazama watu wa ukuta ule juu ya vichwa vya wageni waliosimama katikati. Ukiikata vipande umetupa nusu ya ushahidi.

Chumba ni kama mita 7 kwa 5. Mkanda wa michoro una urefu wa kama mita 17, una watu 29 wanaokaribia kimo cha binadamu, na wote wako juu ya ukingo uliochorwa kama jukwaa jembamba. Ulichorwa kati ya mwaka 70 na 50 KK hivi. Vesuvius ilipoufukia mwaka 79 BK tayari ulikuwa na zaidi ya miaka 120, kwa hiyo wakazi wa mwisho wa nyumba ile huenda waliuona kama sisi tunavyoona picha ya babu wa babu ukutani: yupo tu, na kila mtu ana lake la kusema juu yake.

Jifikirie umeingia kwa mlango mkubwa wa magharibi. Anza na ukuta wa kushoto, zunguka mbele, malizia kulia. Watu wamegawanyika hivi: 11 kushoto, 9 mbele, 7 kulia, na 2 kwenye ukuta wa mlangoni.

Kushoto yupo mwanamke aliyejifunika kichwa, anaingia mkono kiunoni. Mbele yake mtoto wa kiume, uchi isipokuwa buti, anasoma gombo, na mwanamke aliyeketi anamsimamia huku ameshika gombo la pili. Msichana mwenye shada la majani amebeba sinia la vitafunio na anatutazama sisi. Kisha mwanamke amekaa akitupa mgongo, mkono mmoja unafunua kitu chini ya kitambaa, upande wa pili anamiminiwa maji. Mpaka hapo ni dunia ya kawaida; hata jirani yako angeweza kuwa mle. Ghafla anatokea Silenus, mzee mwenye kitambi wa kundi la Dionysus, anapiga kinubi. Pembeni yake kijana ana filimbi ya mianzi, na msichana wa msituni mwenye masikio yaliyochongoka ananyonyesha mwanambuzi. Mwishoni kabisa mwa ukuta mwanamke anaruka nyuma kwa hofu, shela limepeperuka juu ya kichwa chake.

Anaogopa nini? Hapo ndipo picha za mezani zinakuangusha. Kwenye ukuta wake hakuna cha kuogopa. Anatazama ng'ambo ya chumba.

Ukuta wa mbele: Silenus mwingine amemshikia satiri kijana (kiumbe wa msituni, nusu mtu nusu mnyama) bakuli, naye anachungulia ndani, huku satiri wa pili akinyanyua kinyago nyuma yao. Katikati Dionysus mwenyewe amejilaza kwenye mapaja ya mwanamke, mguu mmoja kandambili imevuka. Kisha mwanamke amepiga magoti, anakaribia kufunua kitu kirefu kilichofunikwa ndani ya ungo. Kwenye kona yupo mwenye mabawa, buti ndefu, mjeledi umenyanyuliwa.

Sasa swali lako la pili. Mjeledi unaanzia ukuta wa mbele, ila mwanamke aliyeinamisha kichwa mapajani mwa mwenzake, mgongo wazi, yuko ukuta wa kulia. Pigo linavuka kona. Anayechapa na anayechapwa wamekaa kwenye kuta mbili, na mtu aliyesimama katikati ya chumba anajikuta yumo ndani ya tukio. Baada yake kuna mcheza ngoma anayegonga matoazi juu ya kichwa, halafu, ng'ambo ya dirisha, mwanamke anasukwa nywele huku mtoto mwenye mabawa amemshikia kioo. Ukuta wa mlangoni yumo mtoto wa pili mwenye mabawa, na mama mmoja ameketi peke yake, mkono shavuni, anaangalia yote. Wataalamu humwita mwenye nyumba.

Tahadhari moja juu ya mjeledi. Mkono wa pili wa yule mwenye mabawa umesukuma nyuma, kuelekea ungo, kama mtu anayesema "usifunue!" Wapo wanaosoma kwamba anakikataa kile kinachofunuliwa, na mgongo ulioko mbele yake ni sehemu tu ya tukio. Jina lake pia lina ubishi: wengine wanasema ni Haya, yaani aibu, wengine Wazimu, na mtaalamu Karl Lehmann mwaka 1962 alisema ni Ujinga, yaani kutojua. Usiwape wanafunzi jina moja kana kwamba limeandikwa ukutani. Hakuna neno lililoandikwa ukutani.

dada_wa_Igoma

Mzee ameeleza vizuri, ila naona amepita haraka kwenye mambo yanayoipa shida hadithi ya ibada ya siri.

La kwanza ni mlango. Ibada hizi zilikuwa siri kwelikweli. Mwaka 186 KK Seneti ya Roma ilizibana: bila kibali kundi lisizidi watu 5, wanaume 2 na wanawake 3, na kibali kilitolewa mbele ya maseneta wasiopungua 100. Amri yenyewe ipo mpaka leo kwenye bamba la shaba lililopatikana Tiriolo, kusini mwa Italia, sasa liko Vienna. Chumba hiki kwa upande wake kina mlango mpana wa barazani na dirisha kubwa. Wengi wanakiona kuwa chumba cha kulia chakula. Nani anachora siri za kiapo pale anapokaribisha wageni?

La pili, mwanamke anayesukwa. Nywele zake zinagawanywa, na bibi harusi wa Kirumi alisukwa kwa mtindo wake maalumu wa misokoto sita. Ongeza watoto wenye mabawa, ambao ni Eros, upendo, tena mmoja kashika kioo. Ndiyo maana mtaalamu Margarete Bieber mwaka 1928 aliona hapa maandalizi ya ndoa, na mwanahistoria Mfaransa Paul Veyne akashikilia kwamba ni siku ya harusi, miungu wakiwa wapambe tu. Maji yale ya ukuta wa kushoto yanakuwa ya kuogea bibi harusi, na yule mtoto anasoma kwa sababu nyumba nzuri ilijisifu kwa watoto wanaojua kusoma.

La tatu, kila anayetaka hadithi ya mtu mmoja humchukua mwanamke wa mlangoni akasema ndiye huyohuyo anayeogopa, akachapwa, akacheza, akasukwa. Angalia sura, nguo na nywele zao. Hakuna kinacholazimisha wawe mtu mmoja, na wewe mwalimu usilazimishe.

MzeeWaBwiru

Dada, hoja ya mlango naikubali nusu. Kuchora watu walio kwenye ibada si sawa na kutoa siri zake. Kitu kilicho ndani ya ungo hatukioni. Magombo hatuyasomi. Mchoraji amesimamisha kila jambo sekunde moja kabla halijafunuliwa. Anayejua atajua, asiyejua ataona karamu ya Dionysus na mvinyo, na nyumba ile ilikuwa na shinikizo lake la zabibu, kwa hiyo Dionysus hakuwa mgeni humo.

Harusi nayo ina mfupa uliokwama kooni: mjeledi. Onyesha harusi ya Kirumi ambayo bibi harusi anachapwa mgongoni. Veyne ana majibu yake, ila kwa maoni yangu hapo anahangaika.

Kuna jipya pia. Februari 2025 Pompeii walitangaza chumba kingine, kwenye nyumba waliyoiita Casa del Tiaso, kilichochorwa miaka ya 40 hadi 30 KK. Nacho kina watu wakubwa wanaozunguka kuta tatu: wanawake wa Dionysus, wengine wanacheza, wengine wamebeba mbuzi aliyechinjwa begani, na katikati yupo mwanamke wa kawaida na Silenus mwenye mwenge, kama anayeongozwa kuingia. Wamechorwa wakiwa juu ya vikalio, mithili ya sanamu. Kabla ya hapo chumba chekundu kilikuwa karibu peke yake na kila mtu alikisema atakavyo. Sasa kuna cha kulinganisha, na cha pili kinaelemea upande wa ibada. Nacho ni chumba cha karamu, dada, kimefunguka upande wa bustani. Kwa hiyo dhana kwamba mada hii haiwezi kuwekwa mbele ya wageni imepata ufa.

dada_wa_Igoma

Ufa naukubali. Ila mwanamke wa Casa del Tiaso hasukwi nywele. Vyumba viwili kuwa na mungu mmoja hakufanyi viwe na tukio moja.

FundiLipu_Buhongwa

Nijibu la vifaa, maana hapo ndipo watu huharibu.

Ukuta ule ni chokaa, hauna saruji hata kijiko. Rangi iliwekwa lipu ikiwa mbichi. Chokaa iliyozimwa inavuta hewa ya ukaa na kugeuka kuwa jiwe upya, rangi inabaki imefungwa ndani ya hilo jiwe. Ndiyo sababu ukuta umevumilia majivu ya Vesuvius. Ukipaka lipu ikishakauka, rangi inakaa juu na utaifuta kwa kidole.

Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi aliyeandika wakati wa mfalme Augusto, anataka tabaka tatu za mchanga na juu yake tatu za vumbi la marumaru, kila moja laini kuliko iliyotangulia. Kwa darasa inatosha kibao cha sentimita 40 kwa 40 na tabaka tatu:

Ya kwanza, mchanga 3 kwa chokaa 1, unene wa kama sentimita 1. Piga mistari juu yake kwa msumari ili ya pili ishike. Acha siku kadhaa.

Ya pili, mchanga laini 2 kwa chokaa 1, nusu ya unene wa kwanza.

Ya tatu, vumbi la mawe lililochekechwa 1 kwa chokaa 1, milimita 2 au 3 tu. Hii ndiyo ya kuchorea. Ukibonyeza kidole kikaacha alama lakini hakichafuki, anza. Una saa chache, kwa jua la hapa pengine chini ya hapo, kwa hiyo fanya kivulini.

Chokaa itumike ya unga iliyozimwa, uiloweke kwenye ndoo yenye mfuniko wiki moja au zaidi mpaka iwe kama maziwa ya mgando. Usiruhusu wanafunzi wazime chokaa mbichi ya mawe: inachemka na kurusha, inaunguza macho. Hata iliyozimwa ishikwe kwa glavu.

Mchanga. Vitruvius anaukataa wa baharini kwa sababu ya chumvi, inatokea ukutani na kumomonyoa lipu. Wa ziwani kwetu hauna chumvi hiyo, shida yake ni tope na mabaki ya majani. Jaribio lake ni la miaka 2,000 na bado linafanya kazi: mwaga mchanga kwenye kitambaa cheupe, ukung'ute. Kitambaa kikibaki na doa la udongo, osha mchanga mpaka maji yawe safi.

Rangi: chukua nyekundu na njano ya unga za kuchanganyia sakafu ya saruji, zile za oksidi ya chuma. Chokaa haizili. Nyeusi tumia mkaa uliosagwa. Changanya na maji matupu. Ukitia gundi au rangi ya mafuta umeshatoka kwenye fresko, yaani kuchora juu ya lipu mbichi.

Wekundu wa Pompeii wenyewe ni jambo lingine. Sehemu kubwa ya mandhari ya chumba kile ni sinabari, madini ya zebaki, ambayo ni sumu. Hiyo isiguse darasa. Iliagizwa kutoka Hispania na Pliny, mwandishi wa Kirumi, anasema bei yake iliwekewa ukomo wa sesteta 70 (sarafu za Kirumi) kwa ratili. Kupaka chumba kizima ni kutangaza fedha, na hapo namuunga mkono dada: mtu hajifichi na rangi ya bei hiyo. Sinabari ina ugonjwa wake pia, jua likiipiga inageuka nyeusi. Vitruvius anamtaja karani Faberius aliyepaka nyumba yake Roma, siku 30 tu ikabadilika mabaka mabaka. Dawa ilikuwa kuipaka nta iliyoyeyushwa na mafuta kidogo.

Habari ya nta iwe tahadhari kwako unapochagua picha. Chumba kilifukuliwa mwaka 1909, na mafundi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walipaka nta yao juu ya michoro ili kuilinda. Ikaleta mng'ao na giza ambavyo mchoraji hakuviweka. Usafishaji mkubwa ulimalizika, wakafungua tena Machi 2015. Picha za kabla ya hapo usizitumie kuzungumzia rangi. Michoro inayofaa zaidi kuiweka kando ya picha mpya ni ile ya rangi za maji aliyonakili Maria Barosso miaka ya 1920, iko Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Inaonyesha hali ya ukuta kabla ya matengenezo mengi yaliyofuata.

Kisesa2

Mwadila wote. Swali la unyago halijajibiwa, na ndilo wanafunzi watalishika.

Wakumbushe kwanza kwamba Usukuma wenyewe una historia ya michoro ya ukutani ya mafunzo ya siri. Chama cha Bayeye, wacheza nyoka, walichora ndani ya nyumba zao za mafunzo: nyoka, watu, viumbe vya hadithi. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika na kufanya kazi hapa Mwanza, aliikusanya na kuichapisha mwaka 1953. Aliuliza wenyewe. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo: kwa Bayeye mchoro una mtu aliyeueleza, kwa Pompeii aliyejua alikufa bila kusema.

Kilinganisho kinasaidia jambo moja. Kuta za Bayeye zilikuwa ndani, za wanachama, na mwanafunzi alihitaji mwalimu wa kumwambia kila umbo lina maana gani. Mchoro wa namna hiyo hausimulii, unakumbusha. Mgeni akiutazama anaona nyoka tu. Ukilijaribu wazo hilo kwenye chumba chekundu, linaeleza kwa nini kinaanza kama hadithi na hakikamiliki kama hadithi.

Halafu kuna ungo. Kiswahili kitawatega hapa. Kile chombo cha ukuta wa mbele ni ungo kabisa, wa kupepetea nafaka, na Wagiriki na Warumi waliuhusisha na Dionysus. Ndani yake, chini ya kitambaa, wengi wanaona umbo la uume, alama ya uzazi. Darasa likisikia "ungo" na "wanawake" litaruka moja kwa moja kwenye kuvunja ungo, kungwi na mwali, na yule aliyeketi akipokea kichwa cha mwenzake mapajani atakuwa kungwi papo hapo. Inavutia mno, na ni bahati ya lugha tu. Msemo wetu haukutoka Campania, mkoa wa Pompeii.

Kwa hiyo kwa swali la "huu si unyago tu?" ningejibu: unyago unamfunza kila binti wa rika fulani kwa sababu amekua. Ibada ya Dionysus iliingiwa na aliyechagua, wa umri wowote, na baadaye hata wanaume. Kama ni harusi, basi inakaribia unyago zaidi kuliko ibada. Waache wapige kura, lakini kila kura iambatane na kidole kinachoonyesha mtu fulani ukutani.

Mwl_Kirumba

Asanteni sana wazee na dada yangu. Dakika 80 zitatosha? Na lile bakuli la satiri, mzee, uliligusa ukaliacha.

MzeeWaBwiru

Zinatosha ukipaka kibao siku za kabla, lipu ikauke, na darasani ukakionyesha tu. Chora chumba sakafuni kwa chaki au kamba, mita 7 kwa 5, acha nafasi ya mlango mkubwa na dirisha. Toa kadi 29 zenye namba, wanafunzi 29 wasimame kwenye nafasi zao, 11, 9, 7 na 2, kila mmoja ageuze uso anakotazama mtu wake. Wengine waingie katikati kwa zamu. Fanya hivyo kabla hujataja neno Dionysus wala harusi. Ukitaja mapema hawataona kitu kingine. Dakika 30 hapo. Darasa likiwa dogo, anza na ukuta wa mbele na kona ya mjeledi, usianze na mlango.

Bakuli. Chukua bakuli la stenlesi linalong'aa ndani. Mwanafunzi mmoja achungulie, wa pili nyuma yake anyanyue kinyago cha karatasi juu ya bega. Ligeuzeni polepole mpaka anayechungulia asione uso wake, aone kinyago. Kitakuwa kichwa chini na kidogo, ndivyo kioo cha kubonyea kinavyofanya. Kisha mwulize kama satiri alikuwa anakunywa au anatazama. Wapo wanaosema anakunywa, na midomo yake iko karibu na ukingo kiasi cha kuwapa haki. Mimi naona kinyago kisingekuwa na kazi pale kama ni kiu tu.

Na usisahau kwamba mwanamke aliyempakata Dionysus hana kichwa, lipu ya juu ilianguka. Wengi wanamwita Ariadne, mkewe. Mtaalamu Gilles Sauron anamwita Semele, mama yake. Muweke mwanafunzi asimame pale amefunika uso kwa daftari.